Shika mkono, nyamaza, hesabu

Kwenye chati ya kitanda namba 14 kulikuwa na 20 tano zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Upumuaji: 20, 20, 20, 20, 20, tangu asubuhi mpaka saa 12 jioni. Nina miaka 11 kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume, na nikikuta 20 tano mfululizo najua hakuna aliyehesabu.

Mwenye kitanda alikuwa mzee wa miaka 58, siku ya tatu baada ya upasuaji. Alikuja na ngiri iliyokwama, utumbo ukawa umeanza kuoza, wakakata kipande na kushona ncha mbili zilizobaki. Mwenzangu aliyekuwa anatoka zamu alinikabidhi kwa pumzi moja: presha 118 kwa 74, joto 37.2, oksijeni 96, "huyu hana neno." Mkewe alikuwa pembeni anafunika uji ambao haukuguswa. Akaniambia polepole, "Nesi, huyu leo siye. Tangu saa 9 analikunja shuka na kulikunjua. Nimemuuliza habari ya mjukuu, kanijibu habari ya mbuzi."

Wanafunzi wanaokuja wodini kwetu kwa mazoezi waliniomba niwaandikie namna ya kumjua mgonjwa anayeharibika kabla hajaharibika. Niliwaahidi hatua tano. Ya kwanza ni hiyo: msikilize anayemjua mgonjwa. Imekwisha. Kunawa mikono, kufunga mkanda wa presha, kukagua kidonda, mmefundishwa chuoni, sirudii. Ya pili, kuhesabu pumzi, ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mtu akijua unahesabu pumzi zake, anazibadilisha bila kutaka. Hata wewe unayesoma, hapo ulipo umeshaanza kupumua kwa adabu. Kwa hiyo mimi nadanganya. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, naomba nisikie mapigo ya moyo." Nikashika kifundo cha mkono, nikaulaza mkono wake juu ya kifua chake bila kuuachia. Dakika ya kwanza kweli nilihesabu mapigo: 114. Dakika ilipoisha sikuondoa vidole. Macho yakabaki kwenye saa yangu, Casio ya plastiki isiyonihangaisha kwa lolote, lakini sasa nilikuwa nausikia mkono wake ukipanda na kushuka pamoja na kifua. Yeye alidhani bado niko kwenye mapigo. Mgonjwa akikohoa au akisema neno, naanza upya, hata kama nimefika sekunde ya 50. Akipumua juu juu kiasi kwamba mkono hautikisiki, naangalia kile kishimo cha juu ya mtulinga. Hapo pumzi haijifichi, hata kwa taa yetu ya usiku inayofanana na kibatari.

Dakika nzima, jamani. Najua mnahesabu sekunde 15 mnazidisha kwa 4, wagonjwa ni 40 na wauguzi ni wawili. Lakini hebu piga hesabu: kwa mtindo huo utapata 16, 20, 24 au 28 tu. Hakuna 22 duniani kwako. Pumzi moja ikikuponyoka, umekosea nne. Na kwa mizani ya NEWS2, iliyotolewa na Royal College of Physicians ya London mwaka 2017, mtu mzima anayepumua mara 20 hapati alama ya hatari hata moja, akifika 21 tayari ana mbili, akifika 25 ana tatu.

Mzee wangu alikuwa 28. Tatu za pumzi, mbili za mapigo, tatu za kuchanganyikiwa kulikoanza siku hiyohiyo: nane, wakati saba zinatosha kuita watu wa dharura. Presha, joto na oksijeni, zile namba tatu nilizokabidhiwa kwa furaha, zilichangia sifuri. Damu ikianza kujaa asidi, mapafu hukimbia kufidia, ndiyo maana oksijeni inaweza kubaki nzuri huku mtu anazama. Presha huja kukiri mwishoni kabisa.

Na hapa niseme juu ya vile vibanio vya kidoleni vya kupima oksijeni. Nilinunua kimoja Kariakoo kwa pesa yangu. Muuzaji alikijaribu kwenye kidole chake, 98, akatabasamu kama aliyekizaa. Nyumbani nikakibana kwenye kalamu, kikasoma 97. Nilipokirudisha akaniuliza kwa nini nilipima kalamu. Tangu hapo natumia cha wodini, na kidole chenye hina au baridi nakihama.

Hatua ya tatu ni kumpigia daktari, na hapo nilikosea. Nilianza na historia: mzee wa ngiri, siku ya tatu, hajala. Akanikatiza, "Presha?" Nikasema 118 kwa 74. "Ana maumivu huyo. Mpe dawa." Akakata. Sikumlaumu sana wakati ule. Namlaumu zaidi leo, nikiandika.

Nikarudi kitandani. Tumbo limekaza na kuvimba kama ngoma. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mililita 45 tangu ulipomwagwa saa tatu nyuma, na mwanamume wa kilo 60 tunamdai 30 kila saa. Nikapiga tena, safari hii nikaanzia mkiani: "Daktari, nahofia utumbo umevuja. Anapumua mara 28, nimehesabu dakika nzima mara mbili. Mapigo 114, mkojo 45 kwa saa tatu, anachanganyikiwa. Naomba uje umwone sasa." Kimya kidogo. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa.

Saa 5 usiku mzee alikuwa chumba cha upasuaji. Mshono ulikuwa umeachia mahali padogo.

Ya nne ilihusu kuandika unachokiona, siyo kunakili cha mwenzako; nadhani mmeshanielewa. Ya tano nimeisahau.

Aliruhusiwa wiki tatu baadaye, kapungua, kavaa koti linalomzidi. Aliagana na wodi nzima, akafika kwangu akacheka, "Nesi, usiku ule ulinishika mkono mpaka mama huyu akaanza kununa." Mkewe akampiga kofi la begani na kuniambia, "Muulize sasa habari ya mjukuu." Nikamuuliza. Akanijibu habari ya mjukuu, na ya mbuzi pia.