Umepima Nini? Somo la Jeni Kutoka Fukushima

Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Watu waliokaa ndani ya kilomita 20 waliamriwa kuhama, mifugo ikabaki. Baadhi ya nguruwe wakatoroka mabandani, wakakutana na nguruwe-mwitu, wakazaana.

Ukimwambia mtu "chotara wa Fukushima", haraka anawaza mionzi. Wapi! Nguruwe wa kufugwa na nguruwe-mwitu wa Japani ni spishi moja, Sus scrofa. Wakipandana, watoto wao nao wanazaa vizuri tu. (Ngiri na nguruwe-mwitu wa misitu yetu ni jenasi nyingine, usiwachanganye.)

Sasa tupige hesabu. Chotara wa kwanza ana nusu ya jeni za bandani. Akizaa na wa mwitu, mtoto anapata robo kwa wastani, mjukuu thumni. Kufikia kizazi cha tano imebaki kama asilimia 3.

DNA ya mitokondria haigawanyiki hivyo. Hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, tena nzima. Kama ukoo ulianza na jike wa bandani, binti wa kizazi cha ishirini bado anaibeba, hata kama sura yake ni ya mwituni mtupu. Na kama aliyetoroka alikuwa dume, mitokondria za watoto wake hazitakuambia lolote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta chotara kama asilimia 16 ya nguruwe-mwitu waliopimwa katika eneo lililohamwa. Je, tuseme tatizo litafifia lenyewe? Hapo ndipo wengi tunateleza. Nusu ya nusu ni wastani wa jeni zote. Jeni inayompa mnyama faida, mfano kuzaa watoto wengi, inaweza kuenea badala ya kufifia, kwa sababu wenye nayo wanaacha uzao mkubwa zaidi. Kwa mkulima anayerudi kwenye shamba lake, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, mitokondria inakuonyesha ukoo wa mama ulikotoka, DNA ya kiini inakuonyesha mchanganyiko uliobaki. Ukitumia kipimo kimoja, umeona upande mmoja. Siku mtu akikuambia "huyu ni chotara" au "huyu ni safi", kabla hujakubali muulize: umepima nini?