Nilichoogopa Sicho Kilichoniumiza: Mafunzo ya Karakana ya Nyumbani

Kijana akiniambia amenunua msumeno wa meza na anatafuta pa kuuweka nyuma ya nyumba, simuulizi atatengeneza nini. Najua. Ataanza na vitanda, ataingia kwenye makabati na milango, na kabla ya muda mrefu atataka mtu wa kumsaidia. Mimi namuuliza ufagio wake uko wapi.

Karakana yangu iko hapa Uriri, si mbali na barabara kuu inayotoka Kisii kwenda Migori, katikati ya nyumba na shamba la miwa. Juu ni mabati, pembeni ni mabanzi, na chini ni saruji niliyoimwaga mwenyewe kwa ubahili, ndiyo maana ina bonde. Kwa miaka mingi niliamini kwamba fundi hodari hujulikana kwa maranda yanayomfika vifundoni: mteja akiona lundo, ajue kuna kazi. Nilichoogopa ni meno ya msumeno tu, na meno hayo hayajawahi kunigusa. Yaliyoniumiza ni mambo mengine, na karibu yote yalihitaji kufagiwa, kuanikwa au kuzimwa.

1. Sakafu huumiza kuliko msumeno

Nilikuwa napasua ubao mrefu wa mkalatusi kwa ajili ya fremu ya mlango. Nikarudisha mguu nyuma ili nijipange vizuri, nikakanyaga kipande cha mpini wa jembe kilichojificha chini ya maranda. Kikaviringika, nami nikaenda nacho. Mkono uliokuwa ukisukuma ukaachia, ubao ukapinda, na msumeno ukaurusha upande wangu kwa kishindo. Ulipita juu ya pale kifua changu kilipokuwa na kupasua banzi la ukutani. Mimi nilikuwa tayari chini, kifundo cha mkono kimeteguka. Watu wa nyumbani walisema Mungu ndiye aliyenilaza. Sikatai, ila Mungu huyohuyo alikuwa amenipa ufagio.

Kinachourusha ubao ni hiki. Meno ya mbele hushuka kukata, lakini yale ya nyuma yanapanda. Ubao ukipinda, au mpasuko ukijifunga nyuma ya msumeno, meno yanayopanda huunyanyua na kumtupia anayesukuma. Ndiyo maana mashine nzuri huja na kipande chembamba cha chuma nyuma ya msumeno, kinachouzuia mpasuko usijifunge. Wengi wetu hukifungua siku ya kwanza tukiona kinatusumbua, tukakitupa kwenye droo. Changu nilikipata humo, chini ya misumari iliyoshika kutu.

Siku hizi sisimami tena nyuma ya ubao, nasimama kando kidogo. Vipande vyembamba navisukuma kwa kijiti, si kwa kidole. Sakafu naifagia kila ninapobadilisha kazi, bila kungoja jioni, kwa sababu ikifika jioni hatari yote imeshapita nawe ukiwa juu yake. Waya wa ekstensheni nao nimeupitisha juu kwenye boriti.

2. Stima ikipotea, nenda kwenye swichi

Huku kwetu stima hupotea bila kuaga na kurudi bila hodi. Siku moja ilipotea tukiwa kwenye mashine ya randa. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi, mwenye bidii kuliko mimi, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kusafisha. Akaingiza mkono chini ya kifuniko na kuanza kukwangua maranda yaliyoganda kwenye visu. Nikamwita aje chai ingali moto. Hakuwa amefika mlangoni mashine iliponguruma.

“Jaduong', mzee wangu,” akaniambia, macho yamemtoka, “hiyo kitu imewaka yenyewe.”

Haikuwaka yenyewe. Mimi ndiye niliyeiacha imewaka. Swichi ilikuwa chini muda wote, ikingoja stima tu.

Kilichonishangaza ni kwamba kijana alikuwa anafanya jambo jema. Usafi wenyewe ungemkata vidole. Tangu hapo, hakuna mkono unaokaribia kisu au msumeno mpaka plagi iwe imechomolewa na kuwekwa juu ya meza tunapoiona sote. Swichi za mashine kubwa pia nimezibadilisha. Kuna aina ambayo stima ikikatika inajizima na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Muulize muuza vifaa vya umeme kabla hujanunua mashine, maana zile za bei nafuu mara nyingi hazina. Stima ilipopotea nchi nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sikuanza kwa kutafuta mshumaa. Nilitoka na tochi kwenda kuhakikisha plagi zote ziko nje.

Na kama una kijana wa kukusaidia, usijidanganye kwamba kibanda cha nyuma ya nyumba hakihesabiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu. Nayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia. Nilizisoma baada ya siku ile, na chai yangu ikapoa.

3. Tambara la mafuta hujichoma

Hili ndilo nisingeliamini kama nisingeliona. Nilikuwa nimemaliza meza na kuisugua kwa mafuta ya kitani yaliyochanganywa na tapentaini, ikang'aa vizuri kabisa. Matambara niliyotumia nikayafinyanga pamoja na kuyatupa ndani ya gunia la unga wa mbao pembeni. Nikaoga, nikala, nikalala.

Mke wangu, Nyar Rongo, anaweza kunusa ugali unaoungua kwa jirani. Usiku akaniamsha: “Amka ukaangalie hiyo nyumba yako ya pili.” Nikaenda nikinung'unika. Gunia lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Nilipolipindua nje, matambara ya katikati yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, yakinichoma mkono kwa joto. Kulipokucha nilimshuku kijana anayevuta sigara nyuma ya choo, nikamsema mbele ya watu. Maskini hakuwa na kosa lolote, na ilinibidi nimwombe msamaha mbele ya watu walewale.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanakauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, na kushikana huko kunatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linapotea bila wewe kujua. Likifinyangwa, joto linajifungia ndani, linaongezeka, mpaka tambara linashika moto bila kiberiti. Ukilizungushia unga wa mbao, umelitafutia kuni.

Kwa hiyo matambara yetu yanaanikwa nje kwenye waya, moja moja, yakauke mpaka yawe magumu. Kama mvua inanyesha, yanatiwa kwenye mkebe wenye maji na kufunikwa. Thina na vanishi hazilali karakana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta jiko la makaa lililo upande wa pili wa ukuta. Thina ikishika moto usiimwagie maji, utausambaza. Weka ndoo ya mchanga mlangoni, na ukipata uwezo, mtungi wa kuzimia moto wa aina ya unga.

Waliofuatilia habari watakumbuka soko la Gikomba, Nairobi, mwezi Juni 2018. Moto ulizuka usiku upande wa wauza mbao, na watu wasiopungua 15 wakafa. Karakana ya nyumbani ni soko dogo lenye watoto wanaolala ukuta wa pili.

4. Mbao ya heshima, vumbi la balaa

Mvule ni mbao ya heshima. Wazee wa ziwani walijengea mashua, na mteja akiutaja ujue ana hela. Nilipopata kazi ya kabati la mvule nililipiga msasa mlango ukiwa nusu wazi, nikajifunga leso puani kama jambazi wa sinema. Siku ya pili macho yalivimba, kifua kikabana, ngozi ya mikono ikawasha. Nikasema ni malaria, nikanunua dawa. Malaria gani hiyo inayopona Jumapili na kurudi Jumatatu saa mbili asubuhi?

Baadaye nilijifunza kwamba vumbi la mvule linajulikana kwa kuchokoza ngozi na mapafu, na kwamba ukishaanza kudhurika nalo, hata kidogo tu linakurudisha pale pale. Zaidi ya hapo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Hapo halikutajwa la mvule peke yake, ni la mbao.

Leso haizuii chochote cha maana. Vumbi baya ni lile jembamba linaloelea kwenye mwale wa jua muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Vaa barakoa ya N95, piga msasa nje upepo ukikupa mgongo, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na usipulize vumbi kwa kompresa. Shati la kazi libaki karakana. Nilikuwa nikimbeba mjukuu nikiwa nimelivaa, naye akikohoa tunasema ni baridi.

Kuna na hili. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, nasi wengi tukakimbilia mbao za nyumba zilizobomolewa. Zina misumari inayovunja meno ya msumeno na kuyarusha usoni, kwa hiyo pitisha sumaku na vaa miwani. Na kama zina rangi ya kale usizipige msasa ovyo. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake huharibu akili za watoto. Ondoa rangi kwa kuikwangua ikiwa imeloweshwa, au ukatae mbao hiyo.

5. Uliza maranda yametoka wapi

Wafuga kuku hunijia kila wiki na magunia. Nawapa, ila si yote. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, mara nyingi huwa na arseniki. Maranda yake hayaendi kwa kuku, na vipande vyake haviendi jikoni hata kama kuni zimeisha. Moshi wake ni sumu, na jivu lake pia.

6. Glavu zivuliwe

Nilidhani glavu ni ulinzi popote. Mashine inayozunguka hudaka uzi wa glavu na kuuvuta pamoja na mkono, kabla hujapiga kelele. Glavu ni za kubebea mbao tu. Kwenye msumeno, keekee na mashine ya msasa, mikono iwe wazi, mikono ya shati ikunjwe, saa na pete zibaki nyumbani. Ukikatwa, bonyeza kwa kitambaa safi na uinue mkono. Usitie majivu, sukari wala mafuta ya taa. Kisha nenda kituo cha afya uulizie pia chanjo ya pepopunda.

7. Ufunguo ukae mfukoni

Karakana ya mjini hufungwa jioni na watu wakaenda kwao. Yako ndiyo kwao. Watoto watakuja kutafuta vipande vya kutengenezea magari, na watabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Weka kufuli kwenye swichi kuu, na ufunguo utembee nao. Usiuweke juu ya mlango. Watoto wote wa Uriri wanajua juu ya mlango.