SOMO: KUMCHAGUA WAKALA WA BIMA

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kukata bima ya maisha, ya ajali au ya nyumba, jua kwanza anayekuuzia anamtumikia nani. Hapa Uganda wako wa aina mbili. Wakala hutumwa na kampuni ya bima, naye huuza bima za kampuni iliyomtuma. Dalali hufanya kazi kwa niaba ya mnunuzi, naye aweza kukulinganishia kampuni mbalimbali. Lakini hata dalali kwa kawaida hulipwa kamisheni kutoka katika ada yako. Muulize atapata kiasi gani.

Pili, dai leseni. Sheria ya Bima ya mwaka 2017 inawataka wote wawili wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iliyoko Kampala. Mamlaka hutangaza orodha ya wenye leseni. Hakikisha jina lake limo.

Tatu, asome nawe hati yenyewe, hasa sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Fomu jaza kwa mkono wako na kwa ukweli. Ukificha ugonjwa, kampuni yaweza kukataa kuwalipa watoto wako.

Nne, kila shilingi unayotoa ipate risiti ya kampuni. Waonyeshe watu wa nyumbani mahali hati na risiti zilipo.

Maswali ya kikao cha tawi:
1. Wakala na dalali wanatofautianaje?
2. Nani kati yetu amesoma hati yake yote?