Fahamu Bajeti Yako: Soko au Darasa?

Vikao vya maoni kuhusu bajeti vinapofika Wadi ya Gatongora, mkazi mmoja huweza kuomba soko na mwingine darasa. Je, nani hujenga nini?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi, masoko na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za Serikali ya Kitaifa. NG-CDF huzijengea madarasa.

Hivyo darasa la chekechea na soko hutegemea mfuko mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, 2012, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo kwa kipindi cha kati.

Makadirio hufika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Mkazi atoe maoni mapema, akitaja mradi na mahali.