Somo la Mwezi: Mtoto Asiye wa Tumbo Lako

Fungu la kusoma: Esta 2:5–11

  Kabla hamjaendelea na ukurasa huu tunawaomba mchukue Biblia na kulisoma fungu hilo. Kama kuna watoto nyumbani, lisomeni kwa sauti nao wasikie, maana habari hii inawahusu wao kuliko inavyotuhusu sisi.

Tuanze na Thongpiny. Wengi wetu tunaijua. Ni mtaa wa Juba ulio karibu na uwanja wa ndege, na watu wa Umoja wa Mataifa huliandika jina lake Tomping. Vita vilipozuka Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapo, na baadhi yetu tunaoandika somo hili tulikuwa miongoni mwao. Tulidhani tutakaa siku tatu. Wengine walikaa karibu mwaka mzima. Mvua za 2014 zilijaza maji kwenye mahema, vyoo vikafurika, na mwezi wa Mei kipindupindu kikatangazwa mjini Juba. Mwisho wa mwaka huo eneo lile likafungwa na watu wakahamishiwa kambi nyingine, upande wa Jebel. Risasi ziliporudi Julai 2016, watu wakakimbilia Thongpiny tena.

Hatusemi haya ili kufukua vidonda. Tunataka mkumbuke jambo moja lililoonekana pale. Watoto waliingia langoni bila baba wala mama, wengine wamemshika mkono mtu waliyekutana naye barabarani. Mama aliulizwa, huyu ni wako? Akajibu, ni wangu. Hakumjua hata jina. Wapo akina mama katika makazi haya waliojibu hivyo mwaka 2013, na mtoto yule leo ana ndevu.

MORDEKAI ALIKUWA MKIMBIZI KAMA SISI

Tazameni mstari wa 5 na wa 6. Mordekai anaishi Shushani, lakini Shushani si kwao. Ukoo wake ulichukuliwa mateka kutoka Yerusalemu na mfalme Nebukadreza wa Babeli. Ni mtu wa nchi ya wengine, mjukuu wa watu waliohamishwa kwa nguvu. Naye ana jamaa yake msichana, Hadasa, tunayemfahamu zaidi kwa jina la Esta, aliyefiwa na baba na mama. Mstari wa 7 unatuambia kwamba alimchukua akawa binti yake.

Mstari wa 10 hatuhitaji kufundishwa. Mordekai alimwagiza binti asiseme ni wa kabila gani. Kuna lugha ambazo na sisi hatukuthubutu kuzitamka njiani, na kuna watoto tuliowaziba mdomo kwa mkono ili wasimwite bibi yao kwa lugha ya nyumbani.

Lakini mstari tunaoutaka ni wa 11. Esta amekwisha kuchukuliwa, yuko ndani ya nyumba ya mfalme, anakula vizuri kuliko Mordekai mwenyewe. Mtu mwingine angesema, kazi yangu imekwisha. Mordekai alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake apate kujua hali yake. Kila siku! Hakuwa na ruhusa ya kuingia wala kitu cha kumpelekea. Alikwenda kuuliza tu.

Kumpokea mtoto ni jambo la siku moja, na siku hiyo watu wanakusifu. Mstari wa 11 ni kazi ya kila siku, na hakuna anayekuona.

WALIOJENGA VIJIJI VYA KULEA

Ili tuielewe kazi hii vizuri, tumetafuta habari za watu walioifanya kwa wingi, si kwa mtoto mmoja bali kwa mamia. Wapo watu wanaoendesha vijiji vizima kwa ajili ya watoto na vijana waliopoteza watu wao.

Baadhi yenu mnakumbuka kijiji cha SOS pale Malakal, kilichofunguliwa mwaka 2002. Vijiji hivyo vilianza Imst, nchini Austria, mwaka 1949, baada ya vita vikuu vya pili, na aliyevianzisha ni Hermann Gmeiner. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza: mtoto asilale kwenye bweni la vitanda mia, bali apate mama mmoja, ndugu, nyumba yenye jiko lake, na majirani. Vita vilipofika Malakal, walezi na watoto walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2014 wakaletwa Juba. Kumbe hata kijiji cha kulea wakimbizi kinaweza kugeuka kikawa na wakimbizi wenyewe. Nyumba zilibaki nyuma Malakal. Akina mama walikuja na watoto.

Kijiji cha pili kiko mbali, lakini kina uhusiano na njia zetu. Kiko kwenye Mlima Karmeli, mlima uleule wa Eliya, nacho kinaitwa Yemin Orde. Kilianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya vijana wahamiaji, wengi wao bila wazazi. Miaka ya 1980 Wayahudi wa Ethiopia walitembea kwa miguu hadi kambi za Sudan, kama vile Um Rakuba karibu na Gedaref. Maelfu walikufa njiani na kambini. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 wapatao 8,000 walichukuliwa kwa ndege kutoka Sudan, na kati yao walikuwamo watoto waliofika peke yao. Sisi wakati ule watu wetu walikuwa wakitembea upande wa pili, kutoka Sudan kwenda Itang na Pinyudo huko Ethiopia. Njia zilipishana.

Baadhi ya vijana wale walipokelewa Yemin Orde. Mwalimu Chaim Peri alikiongoza kijiji hicho kwa zaidi ya miaka 20, na katika kazi yake mambo mawili yametugusa. La kwanza, hakutaka kijana wa Ethiopia asahau alikotoka ili aonekane amestaarabika. Aliona kwamba mtoto anayeona haya kwa ajili ya baba yake hawezi kusimama mbele ya watu. La pili, mlango haukufungwa siku ya kumaliza shule. Kijana aliyekwenda jeshini au kazini alijua ana mahali pa kurudi, hata akitaka kuoa. Moto mkubwa ulipouchoma mlima ule Desemba 2010, sehemu kubwa ya majengo ya kijiji iliteketea. Watoto walikuwa wameondolewa salama, na walezi wakajenga upya.

Sasa tuje karibu. Nchini Rwanda, wilaya ya Rwamagana, kuna kijiji kinachoitwa Agahozo-Shalom. Agahozo ni neno la Kinyarwanda la mahali pa kufutiwa machozi, na shalom ni amani kwa Kiebrania. Anne Heyman, mwanasheria aliyezaliwa Afrika Kusini akaishi New York, alisikia mwaka 2005 habari za yatima wengi walioachwa na mauaji ya kimbari ya 1994, akakumbuka Yemin Orde, akaenda kujifunza huko. Kijiji kilifunguliwa Desemba 2008 na baada ya miaka michache kikafikia vijana wapatao 500. Na waliokuja kusaidia mwanzoni ni pamoja na vijana wa asili ya Ethiopia waliolelewa Yemin Orde. Kijana aliyepokelewa akiwa mgeni alikuja Afrika kuwapokea wengine. Hapo tulisimama kidogo tukamshukuru Mungu.

Vijana wanaishi nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina mama. Wengi wa akina mama hao walifiwa na waume au watoto wao mwaka 1994. Kila jioni nyumba nzima inaketi pamoja na kuzungumza. Mwaka wa kwanza hawakimbizwi na mitihani, kwa sababu wengi wamefika na masomo yenye mashimo na usingizi wa kushtuka. Halafu, na hili lilitushangaza, vijana hao waliopewa kila kitu hupelekwa vijiji vya jirani kufanya kazi za kusaidia watu. Walezi wao wanaamini kwamba anayepokea tu haponi.

Anne Heyman alianguka kutoka kwenye farasi na kufa tarehe 31 Januari 2014. Sisi siku hiyo tulikuwa Thongpiny tukipanga foleni ya maji. Kijiji hakikufa pamoja naye. Mwanzilishi alileta fedha na mpango, lakini jioni aliyekuwa akiwahesabu watoto mezani ni mama wa nyumba, naye alikuwapo hata kesho yake.

Tuseme pia lililo kweli. Hatusifu kila mahali panapowekwa watoto pamoja. Rwanda yenyewe, tangu 2012, imekuwa ikifunga vituo vya yatima na kuwarudisha watoto kwenye familia, na tunaona imefanya vema. Hata jengo likiwa zuri namna gani, mtoto anahitaji mtu wake. Ndiyo maana tunaandika kwa familia za hapa, zisizo na jengo lolote.

UPANDE WETU

Wapendwa, hatuwezi kuwasifu watu wa Rwamagana na kunyamaza kuhusu makazi yetu. Kuna kijana aliyekuja nasi kuvuka mpaka mwaka 2016 akiwa na miaka tisa. Nyumba ya kwanza ilimpokea kwa nyimbo. Jina lake likaandikwa kwenye kadi ya familia. Mgao wa Uganda ulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023 na nyumba ile ikapata pungufu, alihamishiwa nyumba ya pili, akawa mchota maji na mchunga mbuzi wakati wengine wako shuleni. Kisha nyumba ya tatu. Mwaka ule hakuna hata mmoja wetu, wazee na mashemasi, aliyepita mbele ya ua wao kuuliza hali yake. Tuligundua ameondoka wiki mbili baada ya kuondoka, tena kwa kuambiwa na mwenye duka.

Hatuwalaumu waliomhamisha. Njaa tunaijua. Lakini hatukuulizwa, nasi hatukuuliza, na kanisa zima lilikuwa likisoma kitabu cha Esta mwezi uleule katika ibada za asubuhi. Tunaandika haya kwa haya nyingi.

Basi tumekubaliana hivi. Kila familia inayomlea mtoto asiye wake, hata kama ni wa dada au wa shemeji, itatembelewa na shemasi mmoja kila wiki. Haji kukagua wala hana karatasi. Anakuja kuuliza, na amuulize mtoto pia, si mlezi peke yake. Mlezi akilemewa, asimtoe mtoto kimyakimya usiku. Aje aseme, tuchangie unga au tukae tutafute njia. Na mtoto mwenye fununu ya jamaa yake aliye hai, shemasi amsindikize kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu waliopotezana. Mlezi asiogope kwamba atanyang'anywa. Esta alipewa taji, naye aliendelea kumsikiliza Mordekai kama alipokuwa akilelewa naye (mstari wa 20).

Somo litajadiliwa Jumapili ya pili baada ya ibada, chini ya mwembe. Tunawaomba akina mama waliosema "ni wangu" pale Thongpiny wawe wa kwanza kuzungumza, na waje na watoto wao, hata wale wenye ndevu. Kijana wetu ameonekana katika makazi ya jirani. Wazee wawili watakwenda Jumanne, na anayetaka kufuatana nao amwone katibu.