SOMO LA WIKI: Leja ya sarafu za mtandao ihesabu sarafu kwanza, shilingi baadaye

Mnunuzi wa tangawizi anayepanda kutoka mjini Same kwenda Mamba Miamba hukagua ghala lake kwa kilo. Bei ya Dar es Salaam ikipanda katikati ya wiki, hasemi kwamba ghala limejaa zaidi. Kilo ni zilezile, na kama mzigo ni mbichi huenda zimepungua, kwani tangawizi hupoteza uzito kadiri inavyokauka. Ndiyo maana daftari lake lina safu ya uzito na safu ya bei, na hazichanganywi. Lakini mfanyabiashara huyohuyo akinunua Bitcoin kwa simu na kuandika kwenye daftari kiasi cha shilingi alichokiona kwenye kioo, anakuwa ameacha kanuni ambayo ghalani asingethubutu kuiacha.

Chukua mfano wa hesabu. Mfanyabiashara ananunua Bitcoin 0.02 wakati sarafu moja ni shilingi milioni 150. Analipa shilingi 3,000,000 na ada ya 45,000, jumla 3,045,000. Bei inapanda hadi milioni 200, na simu inamwonesha shilingi 4,000,000. Anaziandika kama fedha taslimu, kisha anawaahidi wakulima wa milimani kwamba atachukua mzigo wa milioni nne. Wiki ya malipo bei iko milioni 120. Sarafu zake 0.02 sasa zinaleta shilingi 2,400,000. Pengo la shilingi 1,600,000 halikuibwa na mtu. Ni fedha ambayo haikuwahi kuwapo. Hata hivyo mkulima aliyekwisha kung'oa tangawizi na kulipa wabebaji hataki kusikia habari ya bei ya dunia.

Mabadiliko ya namna hiyo si ya kubuni. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 za Marekani. Novemba 2022 ilishuka chini ya dola 16,000. Aliyekuwa na sarafu 0.02 mwanzoni mwa kipindi hicho, kama hakuuza, alikuwa na 0.02 mwishoni.

Leja sahihi basi huandika mambo matatu: idadi ya sarafu, gharama halisi ya kuzinunua pamoja na ada, na bei ya siku ya kufunga hesabu ikiwa na tarehe yake. Thamani ya soko hupatikana kwa kuzidisha idadi kwa bei, na hukaa pembeni kama makadirio. Faida huingia kwenye hesabu pale tu sarafu inapouzwa. Katika mfano wa juu, mwenye mali angeuza 0.005 wakati bei ni milioni 200, angepata shilingi 1,000,000. Gharama ya robo hiyo ni 761,250, hivyo faida kabla ya kodi ni 238,750. Zingebaki sarafu 0.015 zenye gharama ya 2,283,750.

Kodi nayo ina mstari wake. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoziweka safu moja na shilingi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa la mauzo. Katika mauzo ya shilingi milioni moja, makato ni 30,000 na simu hupokea 970,000. Anayeandika 970,000 peke yake hupoteza kumbukumbu ya kodi aliyokwisha kulipa.

Kwa wenye kompyuta, programu ya hesabu ya GnuCash hutolewa bure na hufanya kazi bila intaneti, jambo linalofaa katika vijiji ambako mawasiliano hukatika. Orodha yake ya fedha ina shilingi ya Tanzania lakini haina Bitcoin. Njia ni kuisajili Bitcoin kama hisa, kuifungulia akaunti ya aina ya hisa, na kuweka kipimo kidogo kabisa kuwa 1/100000000, kwa sababu Bitcoin hugawanyika hadi nafasi nane za desimali. Kipimo kikiachwa kikubwa, programu hukata tarakimu za mwisho na salio halitalingana na pochi kamwe. Bei huingizwa kwenye orodha yake yenyewe, kwa tarehe, wala haigusi idadi. Asiye na kompyuta anaweza kupiga mistari hiyohiyo kwenye kaunta buku.

Kulinganisha leja na pochi ndiyo kazi yenyewe, na hapa tangawizi na Bitcoin hufanana kidogo. Tangawizi hupungua kwa kukauka; Bitcoin hupungua kwa ada. Anayetuma 0.005 na kukatwa ada ya 0.0001 ametoa 0.0051, na tofauti hiyo isipoandikwa hujirudia kila muamala. Salio la anwani yoyote ya Bitcoin huonekana hadharani bila ufunguo wa siri. Lakini pochi nyingi hutumia anwani mpya kila mara, hivyo anayekagua anwani moja ya zamani anaweza kukuta sifuri na kupiga kelele za wizi bure. Kinachopaswa kulingana ni jumla ya pochi nzima. Aidha, yale maneno 12 au 24 ya siri yasiandikwe kwenye leja hata mara moja. Leja husomwa na karani, na anayeyajua maneno hayo anaweza kuhamisha kila kitu.

Salio lililo kwenye jukwaa la mauzo lipewe akaunti yake, tofauti na pochi ambayo mwenye mali anaishika mwenyewe. Jukwaa la FTX lilipofilisika Novemba 2022, wateja waliendelea kuwa na tarakimu kwenye akaunti zao wakati sarafu zenyewe hazikuweza kutolewa. Kihesabu, hilo ni deni ambalo jukwaa linadaiwa, na lazima lisomeke hivyo kwenye leja.

Kumbukumbu za miamala nazo zisiachwe huko. LocalBitcoins, iliyokuwa ikiwakutanisha wanunuzi na wauzaji wa nchi nyingi, ilisimamisha biashara Februari 2023. Wateja walipewa muda wa kutoa sarafu, lakini asiyekuwa na nakala ya manunuzi yake hakuwa na leja ya kurudia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano. Kila mwisho wa mwezi orodha ya miamala ipakuliwe na kuchapwa, kisha iwekwe kwenye faili moja na ujumbe wa simu wa fedha zilizoingia na stakabadhi za magunia.