Nguvu ya Chanjo Hupimwaje? Kichaa cha Mbwa na Panya wa Maabara

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeumwa huokolewa na chanjo anayowahi kuipata, tena chanjo yenye nguvu kamili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kila dozi iwe na uniti za kimataifa zisizopungua 2.5. Kijitabu hiki kinaeleza nguvu hiyo hupimwaje, na kwa nini kipimo kilichozoeleka kinaachwa.

Jaribio la siku 28

Chanjo hutengenezwa kwa matoleo. Kila toleo lina namba yake na hupimwa kabla halijaruhusiwa kutumika. Kwa miongo mingi, toleo la chanjo ya kichaa cha mbwa limepimwa hivi: makundi ya panya weupe huchomwa chanjo iliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Siku ya 14 huchomwa virusi hai vya kichaa cha mbwa ndani ya ubongo. Hungojewa wiki mbili nyingine, ndipo wanahesabiwa waliokufa na waliosalia. Panya wengine hupitia hayohayo kwa chanjo ya kulinganishia, ambayo nguvu yake inajulikana.

Mateso hayo hayahitaji kuelezwa zaidi. Lakini hata msomaji asiyewahurumia panya (na wapo) ana sababu ya kulitilia shaka jaribio hili. Kanuni za dawa za Ulaya zimelivumilia hata matokeo yake yakiyumba kati ya asilimia 25 na asilimia 400 ya nguvu iliyokadiriwa. Yaani toleo lililokadiriwa kuwa na uniti 4 huenda lina 1, na huenda lina 16. Muuza sukari mwenye mizani ya namna hiyo asingemaliza wiki sokoni. Majibu yasipoeleweka, jaribio hurudiwa; mwezi mwingine unapita huku chanjo zikikaa kwenye majokofu, na wafanyakazi wanashika tena sindano zenye virusi hai.

Jaribio hili lilizaliwa enzi ambazo chanjo ilitoka kwenye ubongo au uti wa mgongo wa wanyama walioambukizwa. Louis Pasteur, mwaka 1885, alitumia uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Matoleo ya aina hiyo hayakufanana, na ilibidi kila moja lijaribiwe kwenye kiumbe hai. Leo virusi hukuzwa kwenye seli zinazotunzwa maabara, husafishwa, huuawa, na kila hatua ina vipimo vyake. Chanjo imebadilika sana. Kipimo kikabaki cha zamani.

Kipimo kipya

Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa na protini iitwayo G. Mwili ukiiona hiyo, hutengeneza kingamwili za kujikinga. Katika kipimo kipya, kiitwacho ELISA, kingamwili maalumu hupakwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, kisha hutiwa chanjo. Protini ikinaswa, vitendanishi hutoa rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Hakuna mnyama anayechomwa virusi, na majibu hayangojewi mwezi mzima.

Je, kuwepo kwa protini kunatosha? Hapana. Chanjo iliyopigwa na joto inaweza kubaki na protini nyingi iliyoharibika umbo, isiyokinga kitu. Ndiyo maana huchaguliwa kingamwili inayonasa protini yenye umbo kamili tu, na kipimo hutakiwa kuthibitisha kwamba kinalikataa toleo lililoharibiwa kwa makusudi.

Majaribio mengine yanayoondolewa

Zamani simbilisi na panya walichomwa chanjo na kuangaliwa kwa siku kadhaa kama watadhoofika au kufa. WHO iliacha kulidai jaribio hilo mwaka 2018. Sungura nao walichomwa ili ionekane kama watapata homa. Mwaka 2024 Ulaya iliamua kuliondoa hilo pia katika kanuni zake za dawa, na mojawapo ya vipimo mbadala hutumia seli za damu ya binadamu.

Ukiumwa na mbwa

Mabadiliko haya hayagusi matibabu yako. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje, na ukianza chanjo maliza dozi zote ulizopangiwa.

Panya ambao bado wanahitajika

Chanjo ya kifaduro wanayopata watoto wachanga Tanzania na Kenya, ndani ya sindano ya magonjwa matano, ina bakteria wazima waliouawa. Nguvu yake hupimwa kwa jaribio lenye jina la Pearl Kendrick, mwanasayansi wa Marekani, na humo pia panya huambukizwa kwenye ubongo. Kulibadilisha ni kugumu zaidi. Bakteria mzima ana protini nyingi, na hadi sasa hakuna moja iliyothibitika kubeba kinga yote peke yake, ili maabara iipime hiyo na kuwaacha panya.